Programu Mbili na Karatasi za Yaya

Niliona bismillahi imevunjika vipande mezani kwangu, asubuhi, kabla sijanywa chai. Mjukuu wangu alikuwa ameweka karatasi hiyo karibu na sukari, uso juu, akaenda kunawa. Nilivaa miwani. Nikaivua, nikaifuta kwa kitambaa, nikaivaa tena. Herufi zilikuwapo zote, lakini kila moja imesimama peke yake, haijashikana na mwenzake, na zilikuwa zimeanzia upande usio wake, kama mtu anayeingia nyumba ya watu kinyumenyume. Irabu, zile alama ndogo za juu na chini zinazotuonyesha kama tutamke a au i au u, zilikuwa zimerundikana pembeni kama mchanga uliofagiwa.

Nikakaa.

Lazima niseme kwanza maneno hayo yalikuwa ya nani. Kaka yangu mkubwa, ninayemwita yaya kama tunavyowaita wakubwa wetu hapa Lubumbashi, alifundisha watoto Kurani tangu nywele zake zikiwa nyeusi, katika chuo kilicho nyuma ya nyumba yetu, Kamalondo. Baba yetu alikuja huku na watu wa Maniema akiuza nguo. Baba aliuza, mwanawe akafundisha. Halafu siku moja, mbele ya watoto, chaki ikamponyoka, na upande wake wote wa kulia ukalala. Tangu hapo anasema maneno machache, tena kwa taabu, na kuandika hawezi.

Kilichobaki cha ualimu wake ni karatasi alizoziandika kwa mkono wake kabla ya kuugua, masomo ya mtoto anayeanza. Mwanzo herufi, halafu maneno, halafu dua fupifupi, ya kula, ya kulala, ya kushika safari. Kila dua kwa Kiarabu, na chini yake Kiswahili chetu cha hapa, ili mtoto ajue kinywa chake kinasema nini. Wanafunzi wake wa zamani wanafundisha Kasomeno, na wengine Kilwa ya huku kwetu, kule ziwani, si ile ya pwani, na wote walikuwa wakiomba kijitabu hicho. Yaya alinipa mimi karatasi. Aliniwekea magotini, akatafuta maneno muda mrefu.

"Mudogo wangu," akasema. "Hii ni amana. Kosa ikiingia mule, batoto batasali nayo."

Maneno hayo yaliniingia tumboni na hayakutoka. Mtoto haulizi. Ukimfundisha kosa, analibeba mpaka uzee wake, na mwanawe analipokea kwake kama urithi. Na kosa likishafika Kilwa kwa barabara ile, nani atalifuata kulirudisha?

Shule ya Kifaransa mimi niliikaa kidogo tu, wakanitoa nilee wadogo zangu. Chuo cha Kurani nilimaliza. Kuandika kwa mashine sijui. Kwa hiyo amana ya yaya ilibidi ipite mikononi mwa mjukuu wangu, binti wa mwanangu, anayesoma chuo kikuu na ana kompyuta aliyoinunua imekwisha kutumika. Kompyuta hiyo ilikuwa imeshikwa na virusi vya flashi za wenzake hata ikawa haiwaki vizuri. Fundi akaifuta tumboni, akaweka Linux. Ilikuwa ya bure na haishiki magonjwa ovyo, hayo ndiyo niliyoelewa.

"Sasa kambo," mjukuu akaniambia, maana hapa bibi anaitwa kambo, "ya kuandikia iko mbili. Hii ilikuya na Linux yenyewe. Na hii ingine nilishusha ku internet."

Nilimwambia azifungue zote nizione. Ya kwanza ilikuwa ya kijivu, na juu yake vialama vingi vidogovidogo, kama duka la vifungo. Ya pili ilikuwa na ukanda wa buluu, maandishi makubwa, nafasi ya kutosha.

"Ya kijivu iko ya bazee," akasema.

"Mimi ni nani?"

Akacheka. "Ya buluu njo inafanana na ile bantu bote banatumia mu bureau. Ukimutumia muntu karatasi, anafungula, anaiona paka vilevile uliandika. Ya kijivu, muntu akifungula kwake, maneno zinahama, mistari inaruka."

"Na Kiarabu?"

"Itaandika, kambo. Mashine haiogope luga."

"Mimi naogopa."

"Wee kambo unaogopa hata lifti."

Ni kweli, na niliiacha hapo. Akachagua ya buluu. Aliandika chumbani kwake herufi kwa herufi, akilinganisha na karatasi za yaya, kila umeme ulipokuwapo. Chuo cha Kurani aliacha mapema, lakini herufi anazijua. Kila herufi aliyoweka ilikuwa ndiyo yenyewe. Aliziona haziungani, akafikiri ni kioo tu kinachozionyesha hivyo, kwamba zikifika kwenye karatasi zitajipanga. Sisi nyumbani hatuna mashine ya kuchapa. Akapeleka flashi kwenye sekretaria, kile kibanda cha barabarani wanapoandikia na kuchapia watu makaratasi, karibu na gereji, kwa yule mwenyewe tunayemwita papa, yaani baba. Ndipo akarudi na ile karatasi ya karibu na sukari.

Alipotoka kunawa nilimwuliza, "Ulitoa hii moja tu?"

"Hapana. Nilijaribu mara na mara. Nilibadirisha ukubwa, nilibadirisha aina ya herufi. Zinatoka paka vilevile."

"Zingine ziko wapi?"

Alikuwa akijifuta uso na taulo. Akaendelea kujifuta uso uliokwisha kukauka.

"Nilizibakisha kule. Papa wa sekretaria alisema atazitupa."

"Atazitupa."

"Kambo, angalia. Haiko maneno tena. Imekatikana, imegeuka. Muntu hawezi kuisoma."

"Mimi nimeisoma."

"Ni juu ya kuwa unaijua kwa moyo."

"Na Mwenye maneno hayo, Yeye hayajui kwa moyo?"

Akaitundika taulo. Na mimi niliona kwamba hakuwa amefanya kwa dharau. Alikuwa ameketi pale sekretaria, akapima kwa akili yake ya shule, akaona kwamba neno lililovunjika si neno. Kwetu karatasi yenye maneno hayo haitupwi. Ikiharibika inachomwa pahali safi, na majivu yanafukiwa pasipopita miguu. Nikiwa mtoto nilipigwa kwa sababu ya kuruka ubao wa chuo uliolazwa chini, na ubao wenyewe ulikuwa umekwisha kufutwa. Lakini hakuna aliyewahi kunifundisha habari ya herufi zilizovunjwa na mashine. Nilifunga kilemba nikatoka bila chai.

Njiani niliangalia chini. Watu walinisalimia, nikaitikia bila kuinua macho. Barabara zetu zina karatasi nyingi, mtu hazioni mpaka siku anayozitafuta. Kila kitu cheupe kilinisimamisha: pakiti ya maziwa, kipande cha sigara, risiti ya simu. Nilikuwa naona kiatu kabla ya kuona karatasi. Niliona kiatu cha mtu nisiyemjua kikikanyaga mwandiko wa yaya.

Papa wa sekretaria ni Mkatoliki, mtu wa kaskazini, baba yake alifanya kazi ya reli. Ni mtu wa heshima.

"Jambo, kambo. Leo umenitembelea mapema."

"Jambo, papa. Karatasi za mjukuu wangu ziko wapi?"

"Zile zilikosewa? Minazipatia yule mama wa bitumbula. Karatasi yote ya kukosewa minamupatia, anafungiamo. Haiharibike bule."

"Umempa lini?"

"Alipita hapa sasa hivi." Akaniangalia vizuri. "Kambo, iko nini?"

"Ilikuwa jina la Mungu."

Papa akavua kofia. Alikaa nayo mkononi. "Sikujua. Niliona kama mistari ya kujaribia wino." Halafu akasema, "Kwetu hata majani ya Jumapili ya Matawi hatutupe. Padri anayachoma. Kama ningejua, kambo..."

"Najua."

"Nafunga mulango, nakufuata."

Mama wa bitumbula anakaa kwenye njia panda, mbele ya gereji. Bitumbula vyake ni vile vya unga wa ngano, vya duara, vinatoka kwenye mafuta vikiwa vinalia. Nilimwona kwa mbali. Niliona weupe mkononi mwake, akaukunja, akaweka viwili ndani, akampa mtu. Mtu akaenda. Nikaongeza mwendo.

"Mama, usifunge na karatasi hiyo."

"Kambo, jambo kwanza."

"Jambo. Usifunge."

"Iko safi, kambo. Ya bureau hii, haiko ya mufuko ya simenti."

Nilinyoosha mkono nikazishika zile zilizobaki chini ya ndoo yake. Naye akazishika. Tukawa tumezishika wote wawili.

"Kambo unaninyanganya?"

"Hayo maneno hayafungiwi chakula."

"Maneno gani?" akauliza mwanamume aliyekuwa akingoja zamu yake. Akainamisha kichwa, akaziangalia. "Hii? Hii haiko maneno. Hii ni alama."

"Alama za nini?" akauliza mwingine nyuma yake.

Halafu sijui nani akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Iko ndawa."

Asiyekaa kwetu hawezi kujua neno hilo linavyoangukia mwanamke mwenye nywele nyeupe. Ndawa wanayosema pale si ya hospitali, ni ya uchawi. Nilikwisha kuona jirani wa barabara ya pili, mzee kama mimi, mjane kama mimi, akitolewa nyumbani kwake na vijana aliowanawisha mwenyewe walipokuwa wadogo, na chanzo chake kilikuwa neno moja lililosemwa polepole hivyohivyo. Mpaka dakika ile nilikuwa namwogopa Mungu, na namwogopea yaya. Sasa niliwaogopa watu.

Mama wa bitumbula akaachia karatasi kama zimemchoma. "Kambo, njo juu ya ile unazitafuta mbio? Uliweka nini ku chakula yangu?"

"Sikuweka kitu."

Nilisikia sauti yangu mwenyewe. Ilikuwa sauti ya mtu anayesema uongo.

Fundi mmoja wa magari alitoka gerejini na kitumbula nusu mkononi na karatasi yake imejaa mafuta. Alikuwa bado anatafuna, akaacha kutafuna.

"Mimi nimekwisha kula," akasema. "Kambo, kama minakufa leo, wee njo utaenda kumwambia mama yangu."

Wengine wakacheka, lakini walikuwa wamesogea. Niliona migongo ya watu ikifunga njia niliyojia.

"Basi asome," akasema yule mwanamume aliyesema ni alama. "Kama iko ya Mungu, asome tusikie."

Nilichukua karatasi ya fundi. Nilifikiri ni jambo jepesi. Dua za yaya nazijua tangu meno yangu ya kwanza, na asubuhi ile nilikuwa nimejivuna mbele ya mjukuu kwamba nimesoma. Lakini ile ya mezani ilikuwa bismillahi, na bismillahi mtu aijua hata kwa kuipapasa. Hii ilikuwa ndefu zaidi. Mafuta yalikuwa yameingia, herufi zimetawanyika, mwanzo umekuwa mwisho. Nilitafuta neno moja tu la kushika, linionyeshe ni dua gani. Sikulipata. Ilikuwa ya kulala? Ya safari? Ningeweza kusoma yoyote na hakuna hapo angejua. Lakini kusema uongo juu ya maneno hayo, huku nimeyashika mkononi, sikuweza. Nikaisogeza karatasi machoni, nikaitoa mbali, nikaisogeza tena.

"Unaona," akasema mtu.

Mama wa bitumbula ndiye aliyenyoosha mkono. Sijui alikuwa anaogopa zaidi kwa ajili yangu au kwa ajili ya biashara yake. Akaitoa karatasi mkononi mwangu kwa vidole viwili, akaigeuza kwenye mwanga. Alikuwa amekunjia sehemu ya chini kwa ndani, kama anavyokunja kila siku, na alipoikunjua ilitokea mistari ya Kiswahili, ambayo ile programu ya buluu haikuigusa, iko sawa kabisa.

Akasoma kama mtu anayepanda ngazi. "Mbele ya kula, mutoto anasema, kwa jina ya Mungu, utubariki mu kile ulitupatia."

Fundi akaangalia nusu ya kitumbula chake.

"Ni dua ya kula," nikasema. Sauti ilikuwa imenirudia kidogo. "Ni ya mwalimu wa chuo, kaka yangu, yule aliyeugua. Ni kwa ajili ya watoto. Mashine ndiyo imeivunja."

"Mimi nilikula bila kuisema," akasema fundi.

"Basi sema sasa," mama wa bitumbula akamwambia. "Umekwisha kumeza, lakini sema."

Akaisema, kwa kunong'ona na aibu, na watu wakacheka, safari hii kweli. Papa wa sekretaria akafika anahema, kofia bado mkononi, akaanza kuwaeleza mambo ambayo walikuwa wamekwisha kuyajua. Migongo ikafunguka. Mtu mmoja akaniita mama, akaniletea kiti cha plastiki, na sikukaa, maana nilijua kwamba nikikaa sitasimama. Walikuwa ni watu wale wale.

Fundi akaingia gerejini akatoka na karatasi nyingine za wenzake, moja ilikuwa imefutiwa mikono. Papa akaleta moja iliyobaki chini ya mashine yake. Mama wa bitumbula akahesabu kichwani, akasema iliyobaki alifungia mtu wa pikipiki aliyeshika njia ya Katuba. Hiyo haikupatikana. Nilisimama pale njia panda nikaangalia upande wa Katuba, na pikipiki zilikuwa zinapita kama nyuki.

Nyumbani mjukuu alinikuta mlangoni. Habari ilikuwa imekwisha kutangulia.

"Kambo, banasema bantu balitaka kukupi..."

"Hawakunifanya kitu."

"Naifuta yote. Leo leo naifuta. Sitaki tena hii kazi."

"Hutafuta. Utafungua ile ya kijivu."

Aliketi na kompyuta magotini, machozi yanashuka mpaka kidevuni, akafungua. Akabandika ndani yake ukurasa wa kwanza. Ikawa vilevile, au karibu. Lakini huyu mtoto akilia ndipo anapofikiri. Akaingia katika yale madirisha ya vialama vidogovidogo, akatafuta, akasoma Kifaransa kwa midomo.

"Kuna fasi ya kuiambia kama luga ingine inaanzia kuume," akasema. "Ilikuwa imefungwa. Hakuna muntu aliifungula."

Akaifungua. Akatafuta aina ya herufi yenye irabu zote, akaiweka. Na herufi zikasogea mbele ya macho yangu. Zilisogea zenyewe, zikashikana, na irabu zikapanda kila moja mahali pake. Mjukuu alisema, "Kambo, ona." Niliona. Sikufurahi. Niliogopa kitu kinachoweza kuvunja na kuunga neno kwa kubonyezwa mara moja, na aliyebonyeza hawezi kulisoma.

"Ifungue hii hii katika ile ya buluu," nikamwambia.

"Juu ya nini?"

"Fungua."

Akafungua, na zikavunjika tena. Huko ndiko nilikokuwa nataka afike.

"Papa wa sekretaria anatumia ipi?"

Akafikiri. "Ya kwake ingine kabisa."

"Basi hapa itakuwa nzima na kule itakuwa imevunjika, na kule ndiko kwenye karatasi."

Umeme ulikuwa umekwenda tangu mchana, betri ilikuwa inaelekea kuisha, tukabaki tunaangalia ukurasa mzima ambao hatuwezi kuutoa nyumbani bila kuuvunja. Halafu akasema kuna namna ya kuufunga ukurasa, unageuka PDF, unakuwa kama picha, programu yoyote inauonyesha tu, haiugusi.

"Nani amesema?"

"Bote banajua, kambo."

"Hata ile ya buluu wote walikuwa wanajua."

Kesho yake tulikwenda sekretaria na flashi, na nilisimama mbele ya mashine ya kuchapa nimeweka kiganja pale karatasi inapotokea. Papa akasema, "Kambo, haitatoka kama sijaiamuru." Nikamwambia hata hivyo. Akafungua kwenye kioo chake. Nikasogea, nikaisoma yote kuanzia kulia, kimoyomoyo, Papa akingoja bila kukohoa. Ilikuwa nzima. Sikuruhusu ichapwe. Nilikuwa bado sijamwambia yaya.

Hilo ndilo nililoliogopa kuliko njia panda. Yaya alikuwa ameketi kwenye kiti chake uani. Nikaketi chini, nikamweleza kila kitu: ya buluu, karatasi zilizoachwa, bitumbula, watu, na ile moja iliyokwenda Katuba. Jicho lake la upande uliolala hutoa machozi lenyewe siku zote, kwa hiyo sikuweza kujua kama analia.

"Moja?" akauliza.

"Moja, yaya."

Akapangusa jicho kwa mkono wa kushoto.

"Mwenye kula," akasema, akatafuta, "alisema?"

"Fundi alisema. Mwishoni. Huyo wa pikipiki sijui."

Kona ya mdomo wake iliyo hai ikasogea. Sikujua kama ni kicheko. Nilimwuliza lile nililokosa kumjibu mjukuu: neno lililovunjika vile, ni neno au si neno? Akaangalia ukuta wa chuo.

"Sijue," akasema.

Sikuwahi kumsikia yaya akisema hajui jambo la chuo. Tukakaa wote wawili na hofu hiyo, kila mtu upande wake wa kiti.

Zile karatasi zenye mafuta nilizichoma mwenyewe kando ya ukuta wa chuo, pahali nilipofagia na kunyunyiza maji. Zilinuka bitumbula. Watoto wakasema kambo anapika. Majivu nikayafukia chini ya ukuta, upande wa ndani, ambako hakuna mlango.

Mjukuu nilimwambia aitoe ya buluu katika mashine. Akakataa, kwa adabu.

"Kambo, ile iko ya masomo yangu. Baprofesa banatutumia makaratasi nayo, mu ya kijivu yanahama."

"Basi ibaki kwa masomo yako. Maneno ya yaya yasiingie mule hata siku moja."

"Hata siku moja."

Yaya akasoma kijitabu chote kwenye kioo, kidole cha kushoto kikipita chini ya kila mstari, siku kwa siku umeme ulipokubali. Mjukuu alikaa pembeni na kurekebisha. Mahali pengine kidole kilisimama, na mjukuu akaona kasoro mwenyewe kabla hajaambiwa, akairekebisha. Mahali pengine hakuiona, wakabaki wanaangaliana mpaka aione. Ndipo tukachapa, na nilikaa mbele ya mashine mpaka karatasi ya mwisho ikatoka, na za kukosewa, maana wino uliisha katikati, nikazitia kifuani mwangu.

Kabla hazijapakiwa kwenye lori la Kasomeno na Kilwa, yaya alitaka watoto wazisome mbele yake. Tukambeba na kiti chake mpaka chuoni. Tangu alipougua, mtoto akikosea hawezi kumsahihisha kwa sauti kwa wakati, kwa hiyo huinua mkono wa kushoto, na mtoto hurudia. Watoto wakakaa mkekani, kila wawili na kijitabu kimoja. Mimi nilibaki mlangoni. Mjukuu alisimama nyuma yangu na nilisikia pumzi zake kwenye shingo.

Wakaanza pamoja, kwa ile sauti ya watoto ya kuimba na kusinzia. Herufi. Maneno. Niliuangalia ule mkono juu ya goti. Walipofika kwenye dua ya kula, mtoto mmoja mdogo akatangulia wenzake, akasoma peke yake, kidole chake kinatoka kulia kwenda kushoto, taratibu, akishikilia kila irabu. Nilikuwa nimeshika mwimo wa mlango. Vidole vya yaya vikasogea kidogo. Vilikuwa vinafuata usomaji tu. Mtoto akafika mwisho wa mstari, akavuta pumzi, akageuza ukurasa, na mkono ukabaki pale pale gotini.